Mvumo wa Mwaka 1984

Mama alisikiliza dakika nne tu. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasema: "Huyu si mama. Huyu ni mama mkubwa."

Tulikuwa sebuleni kwetu Nguvumali, hapa Tanga, baada ya magharibi. Mezani palikuwa na deki ya kaseti niliyoiazima, kompyuta yangu, na kaseti moja iliyotoka Muscat ndani ya sanduku la marehemu mjomba, pamoja na kanzu tatu na tasbihi. Kibandiko chake kiliandikwa kwa wino wa buluu: Barua ya mama, 1984.

Wasomaji wa umri wa mama hawahitaji kuelezwa barua ya namna hiyo. Kwa wadogo zangu niseme: zamani mtu wa pwani aliyekuwa na ndugu Uarabuni, ikiwa kalamu ilimpiga chenga au maneno yalikuwa mengi kuliko karatasi, alikaa mbele ya redio kaseti, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akasema. Kaseti ikapewa msafiri. Baada ya miezi ikarudi nyingine. Ilikuwa ndiyo sauti ya WhatsApp ya wakati ule, ila jibu lilikuja na harufu ya udi.

Bibi yangu mzaa mama sikumjua. Alifariki kabla sijazaliwa, na sauti yake sikuwahi kuisikia. Kwa hiyo mama aliposema "huyu si mama," mimi sikuwa na la kubisha. Kibandiko kilisema barua ya mama, lakini mama akanijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto: "Na mama mkubwa si mama? Mjomba wako alikuwa akimwita mama vilevile. Na mwaka ule walikuwa wakikaa wote wawili nyumba hii hii."

Kilichonikaa kooni hakikuwa kibandiko. Kilikuwa maneno ya dakika ya nne. Baada ya salamu, habari za mvua na nani kaoa nani, sauti ile ilishuka, ikasema: "Dada yako yule…" halafu mvumo ukameza, halafu likatoka neno "njia," halafu: "Na kumwambia siwezi."

Mama alipomaliza darasa la saba alichaguliwa kwenda sekondari. Hakwenda. Alibaki nyumbani kulea wadogo zake na kupika vitumbua vya kuuza, na fedha ya vitumbua ndiyo iliyoanza kumpeleka mjomba alikokwenda. Maisha yake yote mama ameamini kwamba aliyekata shauri lile ni mama mkubwa, aliyekuja kutoka Pangani na maneno yake kwamba mtoto wa kike akisoma sana atakosa mume. Mama mkubwa alikufa na mama hasemi naye vizuri. Kwa hiyo ile sauti nzito iliyojuta kwenye kaseti, kwa mama, ilikuwa imekaa mahali pake. Mama mkubwa amekiri. Yamekwisha.

"Lakini hapo kati alisema nini?" akauliza. "Huo mlio wako ndio umeziba."

Akasema mlio wako, na alikuwa na haki. Mvumo ule ulitoka kwangu, au ndivyo nilivyodhani.

*

Ninyi mnaosoma ukumbi huu, mkisikia Nguvumali mnakumbuka utenzi: Swifa ya Nguvumali wa Hasani bin Ismail, uliochapishwa na Oxford mwaka 1968 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Peter Lienhardt. Mganga yule anasifiwa kwa kufichua wachawi. Nguvumali yangu ni kata ya mjini, yenye maduka ya mangi, bodaboda, na jirani anayechomelea magrili ya madirisha tangu saa mbili asubuhi. Mimi nami si mganga. Ni mwalimu anayependa vitabu na kufungua redio za watu. Lakini jioni ile niliingiwa na hamu ya kufichua neno moja.

Kifaa nilichotumia kilikuwa kile cha bei rahisi kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kinapokea sauti ya deki na kuigeuza tarakimu. Kilivuma. Nilipochomoa chaja ya kompyuta mvumo ulipungua, haukuisha. Na ulikuwa na tabia ya ajabu: ulikuwa unatetemeka, kama mwanga wa mshumaa penye upepo, kiasi cha mara tano kwa sekunde. Nililiona hilo, nikalipuuza. Mngojee, tutalirudia.

Nikaamua kutengeneza kigeuzi changu. Moyo wake ni chipu iitwayo PCM1802, inayopatikana ikiwa imeshapangwa kwenye kibao kidogo kisichozidi kisanduku cha kiberiti. Kazi yake ni kupima. Maelfu ya mara kila sekunde inauliza umeme unaotoka kwenye deki: sasa hivi una volti ngapi? Jibu inaliandika kama namba ya biti 24, yaani inaweza kuchagua kati ya ngazi zaidi ya milioni 16. Sauti ya mtu, pumzi zake, kikohozi chake, vyote vinakuwa orodha ndefu ya vipimo.

Sasa, mpimaji lazima awe na kipimo. Wazee wetu walikuwa na pishi na kibaba. Muuza mchele akija na pishi inayopanuka na kusinyaa anapopima, hata awe mwaminifu vipi, mchele wako hautakuwa sawa. Chipu hii haina pishi ya kwake mwenyewe. Inaikata pishi kutoka kwenye volti 5 inazolishwa. Volti hizo zikitikisika, kipimo kinatikisika, na namba zinaandika mtikisiko huo kana kwamba bibi ndiye aliyeutamka.

Ndiyo maana kazi yote ikawa juu ya kidude chenye miguu mitatu ambacho mafundi wanakiita regyuleta. Ukishaona stabilaiza ya friji, umeshaelewa nusu: umeme unaingia ukiwa juu au chini, unatoka umetulia. Regyuleta ni stabilaiza ya ndani, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Unailisha zaidi ya unachotaka, inakata ziada, na ziada hiyo inaitupa kama joto.

*

Nikaanza, kama kila mtu anayeanza, kwa kutamani kilicho bora kuliko vyote. Kinaitwa LT3045. Kelele yake ni chini ya mikrovolti moja, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya volti. Watu wanaokijua wanakitaja kwa sauti ya chini, kama wanaotaja manukato. Nikapiga hesabu ya kuagiza pamoja na usafiri, ikapita thamani ya deki yenyewe.

Kabla ya kulipa nilikwenda Ngamiani kwa fundi mmoja mzee, katika moja ya zile barabara zetu za namba, ambaye duka lake limejaa matumbo ya redio mpaka juu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja kununua au kupiga soga?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku akiendelea kulehemu. Kisha akauliza: "Kaseti yenyewe, ukiicheza palipo kimya, inasema nini?"

"Inasema shhh."

"Hiyo shhh umeipima?"

Sikuwa nimeipima. Nikarudi nyumbani nikapima, na aibu yangu naiandika hapa iwafae wengine. Deki inatoa kama nusu volti sauti ikiwa kubwa. Shhh ya kaseti ya kawaida iko chini ya hapo kwa kiasi cha mara mia tatu, yaani kama milivolti moja na nusu. Regyuleta ya kawaida kabisa, 7805, ile inayotolewa kwenye amplifaya zilizokufa, kelele yake ni mikrovolti 40 hivi. Kwa hiyo hata kelele yake yote ingeingia kwenye sauti, ingekuwa mara arobaini chini ya shhh ambayo kaseti imezaliwa nayo. Nilikuwa nataka kununua pishi ya dhahabu nikapimie pumba.

Nilipomrudia fundi akacheka. "Shida yako si kelele ndogo, mwanangu. Shida yako ni kelele kubwa. Kelele kubwa haiondolewi kwa fedha, inaondolewa kwa akili."

*

Akili yangu ya kwanza ilikuwa LM317. Ni regyuleta ya kuheshimika, iliyobuniwa na Bob Dobkin miaka ya 1970, na bado inauzwa kila mahali. Haina volti maalumu. Unaipangia mwenyewe kwa rezista mbili: ndani yake kuna kipimo cha volti 1.25, na uwiano wa rezista unakizidisha. Niliweka ya omu 240, na nyingine mbili zilizounganishwa kupata 719, hesabu ikatoa volti 5 kasoro nukta. Ukiongeza kapasita moja kwenye mguu wake wa kurekebishia, inazuia mvumo wa umeme wa ukutani vizuri zaidi ya 7805. Kwenye karatasi, ndiyo iliyoshinda.

Nikawasha. Mita ikasoma 4.99. Nikafurahi, nikaunganisha chipu, nikasogeza kibao ili nione vizuri, na harufu ikanijia kabla ya moshi.

Risasi ya rezista moja haikushika. Ilionekana imeshika, inang'aa, lakini mguu wa rezista ulikuwa umekaa ndani yake kama jino bovu. Kibao kilipotikisika mguu ukaachia, na LM317 ikipoteza rezista ya chini haizimi. Inafungua bomba. Volti zinapanda mpaka karibu na zile zinazoingia. Chipu yangu inayovumilia volti 6 na nusu kwa mbinde ikapata zaidi ya 9. Ikafa.

Nilikaa kitako sakafuni. Kigeuzi hakikuniuma sana, kwani chipu hiyo si ghali. Kilichoniuma ni kufikiri kwamba nilikuwa natengeneza chombo cha kushika sauti ya mtu isiyo na nakala, huku mkono wangu hauwezi kuaminiwa kwa tone moja la risasi.

Kutoka hapo nilichagua kwa swali jingine. Niliacha kuuliza ipi ni nzuri zaidi ikifanya kazi. Nikauliza ipi ina madhara kidogo mimi nikikosea. 7805 haina rezista za nje. Tano zake ziko ndani yake, kiwanda ndicho kilichozifunga. Ikishika, imeshika. Nikairudia 7805, kidude cha wanafunzi, kwa heshima mpya. Na nikajiwekea sheria: hakuna chipu itakayounganishwa kabla regyuleta haijabeba mzigo wa rezista usiku kucha, na kibao kugongwa kwa kidole kama anavyogongwa papai sokoni.

*

Lakini 7805 nayo ina sharti lake. Ili itoe volti 5 lazima ilishwe kama 7, wakati wote, bila kushuka hata kwa nukta ya sekunde. Ziada ile ndiyo nafasi yake ya kufanyia kazi. Ukiibana, inaacha kudhibiti, na mvumo wote unapita kama maji kwenye pakacha.

Mimi, kwa kuogopa joto, nilikuwa nimechukua transfoma ya volti 6 kutoka kwenye redio ya zamani. Hesabu: 6 mara 1.414 ni 8.5, ondoa 1.4 zinazoliwa na dayodi, zinabaki 7.1. Zinatosha! Ndiyo, zinatosha ukutani kukiwa na volti 230. Nikapima ukutani. Zilikuwa 231. Halafu jirani akagusisha fimbo yake kwenye chuma, mwanga wa buluu ukamulika ukuta wetu, na mita ikasoma 187.

Hapo nikaelewa kwa nini mvumo wangu ulikuwa ukija na kuondoka kama homa. Kila grili ya dirisha la mtu hapa Nguvumali ilikuwa inaandikwa ndani ya barua ya bibi.

Nikabadilisha transfoma, nikaweka ya volti 9. Sasa hata ukuta ukishuka mpaka 187, regyuleta inapata karibu 9. Nikaweka kapasita ya maikrofaradi 2200 mbele yake, na kwa kuwa kibao kinakula kama miliampia 60 tu, mawimbi yanayobaki juu ya umeme ni kama robo ya volti. Yanatua mbali na ile 7. Na joto nililoliogopa? Chini ya nusu wati. Regyuleta inapata uvuguvugu wa kikombe kilichosahauliwa.

Chipu inahitaji pia volti 3.3 kwa upande wake wa tarakimu, ule unaohesabu na kutuma namba. Upande huo unavuta umeme kwa mikupuo, kama mtu anayekunywa kwa mrija. Nikiulisha kutoka kwenye zile 5 za kupimia, kila mkupuo ungetikisa pishi. Kwa hiyo nikaupa regyuleta yake, AMS1117 ya 3.3, inayochota moja kwa moja kwenye kapasita kubwa, na mbele yake kapasita ya maikrofaradi 22, kwani bila hiyo inaweza kuanza kuimba yenyewe. Ndugu wawili, kisima kimoja, lakini kila mmoja na ndoo yake. Kompyuta ndogo ya kupokea namba nikailisha kwa pawabanki, isishirikiane na ukuta kabisa.

Mtu atauliza: kwa nini si betri kwa vyote? Ningeweza kulisha kigeuzi kwa betri ya pikipiki, na kingefanya vizuri. Lakini deki inataka ukuta, na mimi nilitaka kitu ambacho mama anaweza kukiwasha siku mimi sipo.

Na jambo la mwisho, nililolifanya nikiwa nimechelewa kwa wiki tatu: nilikwenda kwa jirani nikamwomba asichomelee kwa saa moja. "Mwalimu," akasema, "si ungesema tangu mwanzo?"

*

Nikawasha vyote, kaseti ikiwa imesimama. Nikavaa hedifoni. Kimya. Kimya kile ambacho mtu anasikia damu yake mwenyewe. Sikuamini, nikaangalia kwenye programu inayochora sauti: pale kwenye hezi 100, ambapo mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 hukaa ukishapita kwenye dayodi, hapakuwa na mlima wowote.

Nikabonyeza kitufe cha kucheza. Mvumo ukarudi.

Nitasema kweli, nilitukana. Halafu nikasikiliza. Haukuwa unatetemeka tena. Ulikuwa mnyoofu, mmoja, wa chini kidogo kuliko ule niliouzoea. Nikatazama mchoro. Mlima ulisimama kwenye hezi 95.

Umeme wa Tanga haufiki 95. Ukipungua nguvu, volti ndizo zinazoshuka. Idadi ya mawimbi kwa sekunde haikimbii hivyo. Mvumo wa 95 haukuweza kutoka ukutani kwangu. Ulikuwa ndani ya utepe. Ulirekodiwa pamoja na sauti, chumba hiki hiki labda, mwaka 1984.

Sasa ule mtetemo wa mwanzo ukajieleza. Mivumo ilikuwa miwili: wangu wa 100 na ule wa zamani wa 95. Milio miwili iliyokaribiana ikipigwa pamoja husikika kama mmoja unaotetemeka, na idadi ya mitetemo ni tofauti yao. Mara tano kwa sekunde. Nilikuwa nimeambiwa tangu siku ya kwanza, na kelele zangu ndizo zilizonizuia kusikia.

Na jambo likafuata ambalo lilinifanya nizime deki nikatoke nje nikakae barazani. Kama mvumo ule ulizaliwa ukiwa 100, na leo unasikika 95, basi deki yangu inazungusha utepe polepole kuliko ilivyorekodiwa, kwa asilimia tano. Mkanda wa mpira umechoka, au redio ile ya zamani ndiyo ilikuwa na haraka. Haijalishi ni ipi. Kila kitu kwenye kaseti kilikuwa kimeshuka kwa kiasi kile kile. Na sauti ikishuka kwa asilimia tano, inakuwa nzito, karibu hatua moja nzima kati ya vitufe viwili vinavyopakana kwenye kinanda.

Sauti nzito. Huyu si mama, huyu ni mama mkubwa.

*

Siku zile nilikuwa nasoma tena Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert, mtu wetu wa Vibambani. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zile ndizo zilizomfanya asikike kote pwani. Lakini santuri za enzi ile hazikukatwa zote kwa mwendo mmoja. Anayezicheza leo anakisia, na akikosea kidogo, Siti anakuwa mtu mwingine: mkubwa zaidi, mdogo zaidi, mwenye huzuni asiyokuwa nayo. Shaaban Robert alimwandika kwa maneno, na maneno hayana kasi. Ukisoma polepole au haraka, Siti wa kitabuni hageuki. Sauti ni amana ya namna nyingine. Inataka mtu aseme ilikuwa na kasi gani siku ile, na mara nyingi hakuna shahidi.

Mimi nilikuwa na shahidi, ule mvumo niliohangaika miezi miwili kuuua. Kama ningefaulu kuuchuja siku ya kwanza, kama zinavyofanya programu nyingi kwa kitufe kimoja, ningefuta rula pamoja na uchafu.

Kurekebisha kulichukua dakika mbili. Unaiambia programu: hiki kilicho 95 kiwe 100, na vingine vyote vifuate. Nikasikiliza peke yangu. Sauti ilipanda, ikawa nyepesi, ya mwanamke mwenye haraka kidogo na kicheko karibu. Na dakika ya nne, bila mvumo wangu juu yake, ikasema wazi:

"Dada yako yule mimi ndiye niliyemkatia njia. Na kumwambia siwezi."

Hesabu haikuniambia ni nani. Hilo nalisisitiza. Hesabu ilirudisha kasi tu, na hata hiyo ni kwa kuamini kwamba umeme wa siku ile ulikuwa karibu na 50 zake. Bibi sikumjua, na mama mkubwa nilimwona nikiwa mtoto mdogo. Mtu mmoja tu duniani angeweza kutambua, naye alikuwa jikoni akichambua mchele.

Sikumwita. Nilikaa na faili lile siku tisa. Kwa upande mmoja alikuwa na amani: aliyemkosea amekiri, na hakuwa mama yake. Nani amenipa mimi ruhusa ya kuipandisha sauti ile kwa asilimia tano? Kwa upande wa pili, kulikuwa na mwanamke kaburini aliyebebeshwa neno lisilo lake. Na kulikuwa na mwanamke mwingine aliyesema "kumwambia siwezi," akalisema kwenye mashine inayohifadhi. Sijui kama hiyo ni kukataa au ni kuomba.

Siku ya kumi mama mwenyewe akauliza. "Ule mlio wako umeuondoa?"

"Nimeuondoa wangu, mama. Kuna mwingine umebaki."

"Basi nisikie."

Nikamwekea hedifoni. Salamu za kwanza tu, mkono wake ukasimama hewani. Sikumwambia kitu kuhusu kasi, wala hezi, wala regyuleta. Alisikiliza mpaka mwisho wa upande, nusu saa kasoro, macho kwenye ukuta ambao jirani alikuwa akiumulika.

"Ni yeye," akasema.

Tukakaa. Baada ya muda akaongeza, kama anayezungumzia jambo jingine kabisa: "Huo mlio ni wa ile redio. Ukitia betri haulii, ukichomeka ukutani unalia. Mwaka ule betri hazikuwepo. Unazunguka mji mzima hupati. Mama alikuwa anachukia mlio ule, anasema utamwudhi mwanawe huko."

Nikataka kumweleza kwamba bila mlio ule asingemtambua. Nikaona si wakati wake.

Akavua hedifoni akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Ijumaa usiwe na safari," akasema. "Tutakwenda makaburini kwa mama mkubwa. Na hilo faili lako, ule mlio usiutoe."